Kipimo Kilichosema Imara Sana

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Tukio limesababishwa na uzembe wa mtumiaji." Bosi wangu aliiandika kwenye ukurasa wa pili wa ripoti, akaipigia mstari, kisha akataka mimi ndiye niende kuisoma mbele ya kamati ya zahanati. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwake, chai mkononi, na damu ikanipanda kichwani mpaka masikio yakawaka. Huyo mtumiaji anayesemwa ni muuguzi mwenye umri wa mama yangu. Nilimfundisha mimi. Na kile chombo kilicholipima neno lake la siri na kumwambia yuko salama nilikiweka mimi, kwa mikono yangu hii miwili.

Naomba nieleze taratibu, maana hasira yangu ina tabia ya kukimbia mbele ya habari.

Tulikuwa kampuni ya watu wachache, ofisi yetu ghorofa ya kwanza mjini, mtaa wa Themi, tukitengeneza mifumo ya kompyuta ya shule, hoteli na zahanati. Zahanati hii ilikuwa ya kanisa, juu ya Ngaramtoni, pale ambapo lami unaiacha nyuma na kuanza kupanda katikati ya mahindi na migomba kuelekea mlimani. Majalada yao ya wagonjwa yalikuwa ya karatasi, yamesongamana kwenye kabati ambalo panya walishaanza kuyasoma kabla ya daktari. Tukayahamishia kwenye kompyuta. Kila mfanyakazi akapewa jina la kuingilia na kutakiwa achague neno la siri, ambalo huku kwetu kila mtu analiita paswedi.

Ili watu wasichague maneno mepesi, niliweka kipimo. Sikukiandika mwenyewe. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita laibrari: ni programu ndogo ambayo mtu mwingine, mara nyingi ng'ambo huko, ameshaiandika na kuiweka mtandaoni ili wenzake waichukue bure, nawe unaiunga kwenye mfumo wako kama fundi anavyounga bomba alilolikuta dukani. Laibrari hii kazi yake ni moja. Mtu anapoandika neno la siri, yenyewe inakadiria mtu mwingine angelazimika kubahatisha mara ngapi ndipo alipate, na ingemchukua muda gani. Inatoa alama kuanzia sifuri mpaka nne. Mimi nikazigeuza alama hizo kuwa rangi na maneno ya Kiswahili: nyekundu, kwa sifuri na moja, ni Dhaifu, njano ni Wastani, kijani ni Imara, na kijani iliyokolea ni Imara Sana. Hata muda niliutafsiri. Palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba kubahatisha kungechukua karne, mimi niliandika "karne nyingi". Hilo "nyingi" niliongeza kwa kupenda kwangu, niliona linapendeza.

Siku ya mafunzo walikusanyika ukumbini wafanyakazi wote, kuanzia mganga mpaka mlinzi. Muuguzi huyu alikaa mbele kabisa, daftari limefunguliwa, kalamu mbili mezani. Ni mama wa Kiarusha, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Yeye ndiye aliyesimamia chumba cha mwisho kwenye korido, chumba cha wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na kwa sababu ya chumba hicho alishazoea kutunza siri za watu kabla mimi sijajua kuwasha kompyuta. Chumba hakina kibao mlangoni. Ni yeye aliyekataa kiwekwe.

Niliwaambia, na nakumbuka nilivyosema kwa madaha: "Paswedi yako ni yako peke yako. Usimwambie mume, usimwambie mwenzako wa zamu, usimwambie hata mchungaji. Hata mimi niliyetengeneza mfumo nikikuuliza, usiniambie." Wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika. Nilimwona akipigia mstari yale maneno ya mwisho.

Kisha wakaanza kujaribu. Yeye aliingiza mwaka aliozaliwa: nyekundu. Akaandika tarakimu kuanzia moja mpaka nane: nyekundu. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akafikiri huku midomo ikitembea kidogo, halafu akaandika kitu kirefu kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Skrini ilionyesha vidoa tu, kwa hiyo sikujua ni nini. Nilichokiona ni rangi ikihama kutoka nyekundu kwenda njano, kisha kijani, mpaka kijani iliyokolea. Imara Sana. Kubahatisha: karne nyingi. Mlinzi akapiga makofi. Mama wa watu akatabasamu kwa haya, na mimi nikatangaza mbele ya wote, "Mnaona? Igeni mfano wa mama."

Nikikumbuka maneno hayo natamani kujizaba kibao.

Miezi michache baadaye, mtu aliingia kwenye mfumo kwa jina la muuguzi huyu na kufungua jalada moja tu. Lilikuwa la binti aliyekuwa amechumbiwa, posa imeshapokelewa, na wazee wa pande zote mbili wameshakunywa chai pamoja. Kabla ya siku ya soko iliyofuata, watu waliokuja Ngaramtoni kuuza mbuzi na maharage walikuwa wanajua binti yule anakunywa dawa gani. Uchumba ulivunjwa. Binti akaondoka kwenda kwa shangazi yake, mbali, na mpaka leo sijui kama alipata mahali pengine pa kuchukulia dawa. Nasema haya kwa kifupi kwa sababu si habari yangu kuitandaza. Imeshatandazwa vya kutosha.

Kamati ya zahanati ikaangalia mfumo unaonyesha jina la nani. La muuguzi. Wakamwita. Saa ile jalada linafunguliwa yeye alikuwa chumba cha uzazi, anamzalisha mama mmoja, na daftari la uzazi lina mwandiko wake, kwa hiyo walikubali kwamba siyo yeye aliyekaa kwenye kompyuta. Basi alimpa nani paswedi? Akasema hakumpa mtu. Wakamwambia aitaje, wajue ilikuwa ya namna gani. Akakataa. Wakamuuliza tena, akakataa tena. Wakaandika kwenye muhtasari kwamba hana ushirikiano, wakamsimamisha kazi, na wakaitisha kikao cha pili cha kuamua kama afukuzwe na jina lake lipelekwe kule wanakotoa leseni za uuguzi. Maana yake ni kwamba akipatikana na hatia, hashiki sindano tena popote nchini. Mama aliyezalisha nusu ya watoto wa kata ile angemaliza kazi yake kwa neno "uzembe".

"Mimi siisomi hii," nilimwambia bosi.

Bosi wangu ni mtu wa Kilimanjaro, ana maneno matamu na hupenda kukukaribisha soda kabla ya kukupa habari mbaya. "Dada yangu, hebu kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza. Mfumo haukudukuliwa. Mtu ameingia kwa paswedi sahihi. Paswedi ni ya nani? Ya yule mama. Sasa kosa letu liko wapi?"

"Hujui huyo mtu aliipataje."

"Na wewe hujui. Labda aliibandika ukutani, labda alimwambia shoga yake, sisi yatuhusu nini? Tukisema kosa ni letu, zahanati nyingine zote zitatukimbia. Hivi wewe uko upande gani?"

Nilichukua kikombe changu nikatoka. Aliniita mara mbili, nikajifanya kiziwi. Kilichoniudhi, na kinaniudhi mpaka leo, ni jinsi ilivyomtoka kirahisi. Kazi yetu ndivyo ilivyo: mfumo ukikwama tunasema ni umeme, umeme ukiwepo tunasema ni mtandao, na vyote viwili vikiwepo tunasema kuna mama fulani kijijini hajui kompyuta. Sentensi hiyo nimeisikia kwenye kila kazi niliyowahi kuifanya, na mara nyingine, nikisema ukweli, imetoka kinywani mwangu. Sisi tuliosoma tunapenda sana mtu ambaye hajasoma awepo karibu siku ya makosa.

Nikaketi na kufungua kumbukumbu za mfumo, zile zinazoandika kila anayeingia na kutoka. Hapo nikakuta jambo ambalo hakuna aliyejisumbua kuliangalia, na mimi ni mmoja wao. Siku ile, saa nne asubuhi, kwenye kompyuta ya mapokezi, jina la muuguzi liliingizwa na neno la siri likakataliwa. Likaingizwa tena, likakataliwa. Mara ya tatu likakubali. Yote hayo ndani ya dakika moja. Mtu aliyepewa paswedi kwenye karatasi anaandika mara moja na kuingia. Huyu alikuwa anabahatisha, na alibahatisha mara tatu tu.

Kipimo changu kilikuwa kimesema karne nyingi.

Nikakifungua na kuanza kukijaribu kama askari anayemhoji mwizi. Niliandika neno la Kiingereza la nyani: nyekundu papo hapo. Neno lao la mwanga wa jua: nyekundu. Majina ya Kizungu ya kike na ya kiume, michezo yao, wahusika wa sinema zao, vyote nyekundu. Kilivijua kama mtu anavyowajua majirani zake. Kisha nikaandika ugalinamaharage. Kijani iliyokolea. Nikaandika karibunisana. Kijani iliyokolea. Nikaandika shikamoomama, ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kuvaa viatu: karne nyingi. Nikaandika darajambili, jina la mtaa ninaolala, liko kwenye vibao na kwenye midomo ya makonda kutwa nzima: Imara. Nikamalizia na paswedi yangu mwenyewe ya barua pepe, jina la mbwa wetu na namba ya nyumba, ambayo mdogo wangu aliigundua siku moja bila hata kukusudia. Imara Sana, kikasema, na kijani yake ikang'aa.

Laibrari ile ilikuwa na kamusi ndani yake, na kamusi hiyo ilikuwa ya watu wengine. Ikikutana na neno la kwao, ilijua kwamba kila mtu analijua, ikapiga kengele. Ikikutana na neno letu iliona rundo la herufi zisizo na maana, na kwa hesabu zake herufi zisizo na maana ndizo ngumu kubahatisha kuliko zote. Salamu zetu, vyakula vyetu, majina tunayowapa watoto wetu, kwake yote yalikuwa kelele tu. Na kwa sababu yalikuwa kelele, ikayasifu.

Nilimlaani aliyeiandika, tena kwa sauti, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akavaa visikilizio vyake masikioni. Halafu nikafungua ukurasa wa maelekezo, ule niliouruka wakati ule nikiwa na haraka, na pale katikati jamaa alikuwa ameandika waziwazi, tena kwa adabu, kwamba maneno aliyoyaweka ni ya Kiingereza na anayetumia mahali pengine aongeze orodha ya maneno ya kwao. Alionyesha mpaka mahali pa kuiweka. Nikaangalia kazi yangu mahali hapo. Palikuwa na mabano mawili, na ndani yake hapakuwa na kitu. Nilitafsiri rangi. Nilitafsiri karne, nikaipamba. Kamusi yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa inahukumu, sikuigusa.

Mchana uleule niliandika orodha: salamu, vyakula, majina ya watu, mitaa na vijiji kuanzia mjini mpaka Ngaramtoni, methali zote nilizoweza kuzikumbuka, na maneno ya Kimaasai na Kichaga niliyowauliza wenzangu. Nilianza baada ya chakula cha mchana nikamaliza kabla ya chai ya saa kumi. Ni kazi ya muda huo tu. Kila nikifikiri kwamba muda huo ningeuweka kabla ya mafunzo, na kwamba sikuuweka kwa sababu nilikuwa nachagua kijani ipi inapendeza zaidi, nashindwa kukaa kitini.

Jumamosi nilipanda kwenda kwa yule muuguzi nyumbani kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anawakatia ng'ombe majani, amevaa gambuti. Mlima ulikuwa umefunguka wote mpaka kileleni, jambo la nadra msimu ule, lakini yeye alikuwa ameupa mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja na hiyo kompyuta yako?"

"Sijaja nayo."

"Afadhali."

Aliniletea maji ya kunawa, akanipa loshoro kwenye kikombe kikubwa, mahindi yamelainika ndani ya mtindi, akasubiri nifike nusu ndipo naye akaketi. Nikamweleza yote: majaribio matatu, kamusi ya Kiingereza, mabano matupu. Nikamwambia, "Kipimo changu kilikudanganya, mama. Kamati wanadhani ulimpa mtu. Mfumo huficha paswedi hata kwangu, lakini nikiijua yako, nitaiandika mbele yao, nao waone mashine yenyewe ndiyo iliyoipitisha. Niambie ilikuwa neno gani."

Akatikisa kichwa.

"Mama, ni mimi."

"Si ulisema hata wewe nisikwambie?"

"Ndiyo, lakini sasa nakuruhusu."

"Na kesho mtu akinipigia simu, sauti kama yako, akasema ananiruhusu, nimwambie?"

Hoja hiyo nilimfundisha mimi, neno kwa neno, na sasa alikuwa ananirudishia.

"Sikiliza mwanangu," alisema. "Kule chumbani kwangu watu wananiambia mambo ambayo mama zao hawayajui. Mchungaji akiniuliza, sisemi. Mume wangu akiniuliza, sisemi. Sasa leo nikisema hili kwa sababu nimebanwa, hao watanielewaje? Si watasema, huyu akibanwa anasema?"

"Watakufukuza, mama."

"Najua." Akabandua jani lililonata kwenye gambuti lake. "Nimesoma uuguzi nikiwa na mtoto mgongoni. Najua wananinyang'anya nini."

Niliondoka nimefura. Njia nzima ya kushuka nilikuwa nagombana peke yangu, na wachuuzi wa barabarani walionisikia lazima walidhani nimechanganyikiwa. Kamati ilimwandika kuwa hana ushirikiano, kumbe katika zahanati nzima yeye ndiye pekee aliyelitii somo langu lote. Waliomuuliza ni mchungaji na wajumbe, na mimi nilikuwa nimemwambia asimwambie hata mchungaji. Kufuli lake lilikuwa la karatasi, na yeye alilisimamia kama la chuma, kwa sababu niliyemwambia ni la chuma ni mimi. Nilijionea aibu mpaka nikakasirika upya, safari hii bila kujua namkasirikia nani.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye ukumbi uleule. Mwenyekiti alikuwa mchungaji wa usharika, mzee mpole anayeuliza kila swali kama anaomba radhi. Wajumbe walikaa upande mmoja, wafanyakazi nyuma yao, na muuguzi peke yake kwenye kiti katikati, sare yake nyeupe imenyooshwa kwa pasi ingawa hakuruhusiwa kuivaa kazini. Bosi wangu alikuja mwenyewe, amevaa koti, akasoma ripoti taratibu mpaka kwenye ile sentensi. Aliposema "uzembe wa mtumiaji", muuguzi aliinamisha kichwa. Mimi nikasimama bila kuitwa.

"Mchungaji, samahani sana. Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo. Hicho kilichosomwa siyo kweli."

"Dada, usituharibie," bosi alininong'oneza.

Niliendelea. Nilieleza majaribio matatu ndani ya dakika moja. Niligeuza kompyuta yangu, nikafungua kipimo kile cha zamani, kabla sijakiongezea maneno yetu, nikaandika ugali na maharage, wakaona kijani inavyokolea na karne zinavyotangazwa. Baadhi yao walicheka. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, hakucheka. "Sawa, tumeona mashine yako inavyopenda maharage," alisema. "Lakini sisi hatujui paswedi ya mama huyu ilikuwa ya namna hiyo, au ilikuwa ngumu akaigawa mwenyewe. Aitaje. Ndilo tunalomwomba tangu kikao cha kwanza."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwomba mchungaji asogee aone, nikaifuta kabisa paswedi ya zamani ya muuguzi kwenye mfumo, kisha nikamgeukia mwenyewe.

"Mama, mchungaji ameona. Ile paswedi haipo tena. Hata ukiiandika ukutani haifungui kitu. Mimi ndiye niliyekukataza kusema, na sasa nakuomba useme, mbele ya watu hawa wote, siyo kwa simu."

"Haifungui jalada la mtu yeyote?"

"La mtu yeyote."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Akasimama. Akanyoosha sare yake kwa viganja viwili, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!" ukumbi mzima ukaitika.

Tuliitika wote. Mchungaji aliitika, wajumbe waliitika, mlinzi aliyekuwa amesimama mlangoni aliitika, bosi wangu ambaye ni Mkatoliki aliitika, na mimi nilijisikia nikiitika. Kisha tukabaki tunangoja aendelee, kwa maana huku kwetu mtu akisimama na kusema hivyo ndiyo kwanza anataka kuanza kuzungumza. Yeye akaketi.

Ilichukua muda kidogo. Niliona wanaelewa mmoja baada ya mwingine, na waliokwishaelewa walikuwa hawawatazami wenzao. Mchungaji alivua miwani. "Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mchungaji. Yote pamoja, bila kuacha nafasi."

Niliiandika kwenye kile kipimo kilivyokuwa siku ya mafunzo, nikawaonyesha. Imara Sana. Salamu ambayo huwezi kwenda dukani asubuhi ukarudi bila kuisikia mara tano! Aliyeingia kwenye mfumo alihitaji kubahatisha mara tatu, na sitashangaa kama mara mbili za kwanza alikosea herufi kubwa na ndogo tu.

Unaweza kudhani hapo yaliisha. Mjumbe mwingine akakohoa, akasema anaona mama arudishwe kazini, ila apewe barua ya onyo, ili siku nyingine achague neno gumu. Hapo nilipandwa na mori kabisa.

"Onyo la nini?" nilisema, na najua sauti yangu ilifika wodini. "Alichagua neno, akauliza mashine, akajibiwa kwa Kiswahili kwamba ni imara sana, na Kiswahili hicho niliandika mimi. Akaambiwa asimwambie mtu, hakumwambia mtu, mpaka mkamvua kazi. Mlitaka afanye kipi kingine? Kama barua lazima iandikwe, iandikwe kwa jina langu."

Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mchungaji alimwambia katibu afute neno onyo na aandike kwamba muuguzi anarudi kazini siku hiyohiyo. Aliyefungua jalada alijulikana kabla ya wiki kwisha: karani wa mapokezi, binamu wa mchumba wa yule binti, aliyeacha kazi mwenyewe bila kungoja kuitwa. Binti hakurudi, na hakuna kikao kilichoitishwa kwa ajili yake.

Tulipotoka ukumbini muuguzi alinifuata nje. Nilidhani anataka kunishukuru, nikajiandaa kumkatalia, kwa sababu sikustahili hata kidogo. Alinishika kiwiko na kuangalia nyuma kwanza kama kuna anayetusikia.

"Mwanangu, nimelitaja mbele ya watu wote. Kwenye faili langu haitaandikwa kwamba nilisema?"

"Hapana mama. Haitaandikwa."

"Naomba uniandikie basi."

Nilichana karatasi kwenye daftari, nikaiegemeza ukutani na kumwandikia kwamba aliulizwa kwenye vikao viwili na hakusema mpaka aliporuhusiwa, baada ya paswedi kufutwa. Alivaa miwani akaisoma yote, na alipofika mwisho akarudia mwanzo. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa sare, akaingia kazini.